Nipe Mji: Mraba wa Maneno na Dhahabu ya Geita

Katika fasihi yetu simulizi hakuna mchezo wenye adabu kali kama kitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira huitika "Tega!", na aliyeshindwa kufumbua haruhusiwi kunyamaza wala kubisha, bali hudaiwa mji. "Nipe mji," husema mtegaji, na mshindwa hutoa mji wowote unaomjia mdomoni, uwe Mombasa, uwe Muskati, hata kama hajapata kuutia machoni. Mtegaji akisha kuupokea hujigamba kidogo, akaeleza namna alivyokwenda huko akakirimiwa, kisha ndipo anapotoa jibu. Bara nako wana mlango wao wa kuingilia: kwa Wasukuma mtegaji huita "Kalagu!" na wenzake huitika "Kize!", ndipo ngoma ya akili ianze.

Magazeti nayo yana mtegaji wao. Yeye hapigi makelele wala hadai mji. Hukaa pembeni mwa ukurasa, baina ya utabiri wa nyota na matangazo ya viwanja, na jina lake ni mraba wa maneno, ambao wengi wetu tunauita chemsha bongo. Wapenzi wa ushairi huupita kama wapitavyo tangazo la sabuni. Makala haya yanakusudia kuwarudisha nyuma hatua moja. Dai langu ni kwamba mraba wa maneno ni jamaa wa karibu wa fumbo, na kwamba ukitungwa kwa desturi za fumbo letu unaweza kubeba maarifa ambayo kamusi zimeyaacha nje. Ili dai hilo lisibaki hewani, nimetunga mraba mdogo wenye maudhui moja tu, nayo ni dhahabu ya Geita. Tutautegua pamoja.

Kwanza tuseme machache juu ya nasaba yake. Mraba wa kwanza uliochapishwa kwa sura tunayoijua ulitoka tarehe 21 Disemba 1913 katika gazeti la New York World, mtunzi wake akiwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. La kuchekesha ni kwamba mraba huo haukuwa mraba. Ulikuwa na umbo la almasi. Watu wa Shinyanga, ambao Mwadui yao ilianza kutoa almasi za kweli tangu mwaka 1940, wana haki ya kudai kwamba mchezo huu ulikuwa wao hata kabla haujafika. Kutoka Marekani ulivuka bahari hadi Uingereza, na huko katika miaka ya 1920 na 1930 ukapata tabia mpya: kidokezi kikaacha kuuliza maana tu, kikaanza kutega. Mtunzi akaruhusiwa kumpoteza mteguaji njia, kwa sharti kwamba maneno yake, yakisomwa sawasawa, yawe ya kweli. Yaani baada ya safari ndefu Waingereza wakafika pale alipokwisha kufika Muyaka bin Haji wa Mombasa miaka mia moja kabla yao.

Sisi tuliupokea mchezo, lakini tukaupokea katika umbo lake la kwanza, lile la kuuliza maana. Ndiyo sababu miraba mingi ya Kiswahili husomeka kama mtihani wa darasa la nne. "Mnyama afugwaye, herufi 5." Je, ni mbuzi au punda? Wote wawili wanaingia zizini bila kusukumana, na mteguaji hana la kufanya ila kungoja jibu jingine limkatize ili ajue kama amefuga mwenye ndevu au mwenye mzigo. Kidokezi cha namna hiyo hakifichi kitu wala hakifunui kitu. Mtu akisha kukijaza, hajui juu ya mbuzi wala punda neno moja zaidi ya alilolijua asubuhi.

Kosa la pili ni la kisarufi, nalo ni letu wenyewe, Waingereza hawana. Andika "Kinakaliwa, herufi 4," na hapo hapo umekwisha kumuuza kiti wako. Upatanisho wa ngeli ni mmbea. Hawezi kuficha siri ya nomino hata kwa dakika moja. Mtunzi anayefasiri vidokezi vya kigeni haoni tatizo hili, kwa sababu katika lugha alikovitoa halipo. Lakini wazee waliotunga vitendawili waliliona, na wakalitatua kwa njia mbili zinazostahili kusomwa kama somo la utunzi.

Njia ya kwanza ni kinyago. "Nyumba yangu haina mlango," hutega mtegaji, na jibu ni yai. Angalia: hakusema "halina". Kitenzi kimefuata ngeli ya nyumba, si ya yai. Jibu limevishwa nomino nyingine, na sarufi yote imekuwa mtumishi wa kinyago. Njia ya pili ni kiambishi "hu-", kile cha mazoea, ambacho hakibagui ngeli. Mtu hula, kitu hula, majani huliwa, hakuna mmbea. Si bahati kwamba methali na vitendawili vyetu vimejaa "hu-". Kiambishi hicho husema ukweli wa siku zote, na papo hapo humfunika anayesemwa.

Kwa silaha hizo mbili, huu ndio mraba wangu. Una majibu matano ya mlalo na moja la wima. Jibu la wima linapita katikati ya mengine, likichukua herufi ya pili ya jibu la kwanza, ya pili ya jibu la pili, ya tano ya jibu la tatu, ya tatu ya jibu la nne na ya tatu ya jibu la tano.

Mlalo 1 (herufi 5): Nyumba ya mkubwa ina uzio, ya mdogo ina kamba, jina lao ni moja.

Mlalo 2 (herufi 6): Huolewa mtoni, huachika motoni, lakini mwisho wake husema: kaa.

Mlalo 3 (herufi 5): Chombo cha bi harusi kikivunjika shingo, umati hukimbilia.

Mlalo 4 (herufi 7): Ndugu wa boriti waliohamia bara, boriti hushika paa, wao hushika dunia.

Mlalo 5 (herufi 5): Mviringo usio mviringo, baharini ulivuta nanga, bara unavuta mwamba.

Wima 1 (herufi 5): Nipe mji.

Msomaji anayetaka kutegua peke yake na afunike ukurasa hapa kwa kikombe chake cha kahawa. Wengine twendeni.

Mlalo 1 ni MGODI. Kinyago ni nyumba, na ndiyo maana kitenzi ni "ina". Neno hili moja limebeba ulimwengu wa namna mbili. Uko mgodi wa mashine, wenye uzio na lango na walinzi. Geita ilikuwa na mgodi mkubwa tangu enzi ya ukoloni wa Mwingereza, katika miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Uko pia mgodi wa mchimbaji mdogo, ambaye hushuka kwa kamba akiwa na tochi kichwani, nyundo na tindo mkononi, na hesabu ya mgawo wa mawe akilini. Lugha haikutoa majina mawili. Imewaacha mkubwa na mdogo wagombanie neno moja, kama wanavyogombania mlima mmoja. Kidokezi kinachosema tu "mahali pa kuchimba madini" hakidanganyi, lakini kinauzika ugomvi huo pamoja na kifusi.

Mlalo 2 ni ZEBAKI, na hapa nimejitahidi kidogo. Mchimbaji akisha kusaga mawe na kuyaosha, huchanganya mchanga uliobaki na zebaki, ambayo hukumbatia chembe za dhahabu zikawa bonge moja. Hiyo ndiyo ndoa ya mtoni. Bonge hilo huchomwa, zebaki ikaondoka kwa mvuke na dhahabu ikabaki peke yake. Hiyo ndiyo talaka ya motoni. Msomaji aliyefika neno "kaa" huku akili yake ingali motoni ataona kaa la moto, na wa pwani huenda akaona kaa wa mikokoni atembeaye upande. Wote wamepotea njia kwa ridhaa yao. "Kaa" hapa ni kutoondoka, yaani kubaki, na tazama herufi nne za mwisho za jibu: ze-BAKI. Asili ya neno ni Kiarabu, wala halina udugu na kubaki. Ni ajali ya sauti tu. Lakini ushairi huishi kwa ajali za sauti, na hii inasema kweli kuliko kamusi. Mtalaka huyu haondoki. Mvuke wake huingia kifuani mwa anayechoma, mara nyingi jikoni kwake mwenyewe. Mabaki yake hushuka mtoni, na majini hugeuka kuwa sumu inayopanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa na kutoka samaki hadi mlaji. Minamata, mji wa Wajapani waliodhurika kwa samaki wa namna hiyo, ndio uliotoa jina kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 wa kudhibiti zebaki, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Mkataba una ibara nyingi. Neno lenyewe lilikwisha kuonya kwa silabi mbili.

Mlalo 3 ni RASHI, na hiki nimewatungia ndugu zangu wa visiwani. Chombo cha bi harusi ni mrashi, kile cha shingo ndefu kinachonyunyizia wageni marashi. Vunja shingo yake, yaani ondoa herufi ya kwanza, mrashi unabaki rashi. Geita na kwingineko kwenye ukanda wa dhahabu, rashi ni pale panapozuka fununu kwamba fulani amepata, na watu wakamiminika kutoka kila upande; wachimbaji, wasagaji, wanunuzi, mama lishe, wauza simu. Katika siku chache pori linakuwa mji wa maturubai. Neno ni la Kiingereza, limevalishwa irabu mwishoni kama mgeni anayeazimwa kanzu ili aingie msikitini. Kwetu marashi hunyunyizwa kidogo kidogo na kila mgeni akapata tone lake. Rashi humwagika yote kwa mmoja, wengine wakabaki kunusa.

Mlalo 4 ni MATIMBA. Boriti tunazijua: miti ya mikoko iliyobeba dari za nyumba za mawe, na iliyopakiwa majahazini karne kwa karne kupelekwa Uarabuni na Ghuba, kulikokuwa na uhaba wa miti ya kujengea. Urefu wa boriti ndio uliokadiria upana wa chumba. Matimba ni magogo yanayosimamishwa ndani ya shimo la mgodi ili kuta na dari za udongo zisishuke. Kazi ni ileile, ila boriti ikivunjika huanguka chokaa, na matimba yakivunjika huanguka dunia. Mwezi Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa katika mgodi mmoja huko Nyarugusu, Geita, nchi nzima ikashika pumzi. Wote walitolewa hai baada ya siku kama tatu. Si mara zote habari huisha hivyo. Nani kati yetu, akikutana na neno hili katika mraba wa gazeti, angelijua? Na kama mtunzi hakulijua, basi mraba wake, hata uwe na maudhui ya dhahabu, ni mgodi usio na matimba.

Mlalo 5 ni DUARA, na hapa naomba msomaji wa pwani akae vizuri. Shuleni duara ni mviringo. Geita duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na wingi wake ni maduara. Watu wazima hugombana, hurithishana na hushirikiana duara. Aliyezoea vitabu atacheka, kwa sababu mengi ya mashimo hayo hayana mviringo wowote. Lakini asicheke upesi. Fungua kamusi ya Madan ya mwaka 1903, iliyokusanywa kwa kusikiliza Kiswahili cha hapa Unguja, utakuta kwamba duara lilikuwa pia jina la mtambo wa kuzungushwa, kama ule wa kuvutia nanga au kuinulia mizigo. Sasa simama kwenye mdomo wa mgodi mdogo: juu ya shimo umekaa mtambo wa kuzungusha kwa mkono, kamba imejiviringisha, ndoo ya mawe inapanda. Nathubutu kukisia kwamba shimo limeitwa kwa jina la mtambo wake. Ikiwa ndivyo, basi neno la mabaharia wetu, ambalo sisi wenyewe tumelisahau na kumwachia mwalimu wa hisabati, lilipanda bara na linaendelea kufanya kazi yake ya kale: kuvuta kitu kizito kutoka chini.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Tuna mazoea, sisi wa visiwani, ya kukisikia Kiswahili cha bara kama chakula kilichopikwa na mgeni. Tunaonja na kutafuta chumvi. Wachimbaji wana neno linalofaa kuturekebisha. Mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa mara ya kwanza hawautupi. Huuita marudio, kwa kuwa una dhahabu iliyoponyoka, na huuzwa ukachenjuliwa tena. Wako watu wasiochimba kabisa. Wao huishi kwa marudio. Kiswahili cha Geita ni rundo la marudio ya Kiswahili chetu, na mhakiki anayelipita kwa kuliona takataka anaacha dhahabu kwa mwenye macho.

Kabla ya wima, neno moja kuhusu mizani, maana najua nani wanasoma kurasa hizi. Mraba wa maneno huhesabu herufi, nasi katika tungo tunahesabu silabi. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo kila jibu humpa mteguaji nusu ya herufi ya mwisho bure: ni moja kati ya tano tu. Mtunzi hodari huyakatiza majibu yake tumboni, si mkiani. Lakini ningependa kuona mraba wa namna nyingine kabisa, ambao kila chumba kinakaa silabi nzima. Hapo duara na karasha, ile mashine ya kusagia mawe, yangepishana kwenye "ra", na zebaki na bakora zingegombania "ba". Mchezo huo sio mgeni kwetu. Askofu Steere alirekodi kinyume katika kitabu chake cha mwaka 1870, ile lugha ya siri ambayo silabi ya mwisho hupelekwa mbele. Nayo hucheza na silabi, haichezi na herufi. Kwa kinyume mgodi ni "dimgo", na Geita ni "Tagei", jina ambalo mtu angeweza kudhani ni la kisiwa cha mbali. Anayeweza kutunga shairi la mizani kumi na sita kwa mstari hatashindwa na mraba wa silabi.

Sasa wima. Soma herufi zilizokatizana: G ya mgodi, E ya zebaki, I ya rashi, T ya matimba, A ya duara. GEITA. Kidokezi chake ni maneno mawili tu, "Nipe mji," na kwa wanaojua adabu ya kitendawili ni kidokezi na ni adhabu pia. Mteguaji aliyejaza mlalo wote ameupata mji kwa jasho. Aliyeshindwa anadaiwa kuutoa. Katika mchezo kutoa mji hakugharimu kitu. Muskati haipungui kwa kutajwa barazani. Lakini Geita ni mji uliopata kutolewa kweli, na waliotoa mara nyingi hawakuwa wenyeji wake. Mkoloni aliupokea kwa mchezo ambao wenyeji hawakuambiwa kanuni zake, akachimba. Zikaja leseni na mikataba, zikaja kampuni. Mwaka 2012 ukawa makao makuu ya mkoa wenye jina lake, na mwaka 2019 likafunguliwa pale soko la madini, ili mchimbaji mdogo auze mbele ya mizani inayoonekana, badala ya mfukoni mwa mnunuzi. Mizani, kama washairi wajuavyo, ndiyo mwanzo wa haki.

Sidai kwamba mraba wa maneno utamwongezea mchimbaji gramu moja. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho kiko ndani ya uwezo wetu tunaoandika na kuhakiki: kwamba anayetaka kutega kwa maneno ya watu ajifunze kwanza maneno hayo yanabeba nini, na mkononi mwa nani. Kidokezi kilichotungwa hivyo huchekesha kwanza, kisha hukaa. Kidokezi kilichofasiriwa kutoka kamusi hujazwa, hufutwa, na gazeti likafungiwa vitumbua.

Kwa hiyo nawaachia kimoja bila jibu, kwa desturi njema ya kumwacha mgeni na kitu mkononi. Herufi 5: "Pwani hutoa sambusa kwenye mafuta, Geita hutoa chembe kwenye maji." Mwenye jibu na aitike. Aliyeshindwa na atoe mji, ila achague mwingine; Geita umekwisha kutolewa vya kutosha.